Uso wa Mama, Alasiri Moja

Pua yangu imepinda upande wa kushoto, na kabla sijafika kwa yule fundi wa simba wa saruji lazima niseme ilivyopinda, maana ukiniona barabarani utadhani nilikuwa mlevi. Sikuwa. Tulikuwa Kisarawe, huko mashambani kwenye korosho na mihogo, mimi bado mtoto mdogo. Mama na dada yangu walikuwa wanatwanga makopa, ile mihogo iliyokaushwa, kwenye kinu kimoja kwa kupokezana, mchi wa mama ukipanda wa dada unashuka. Nikaona kipande cheupe kimeruka mpaka ukingoni mwa kinu. Nikachomoza uso. Mchi wa dada ulikuwa unapanda, ukanipata puani.

Damu sisemi. Mama alinikanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka jioni, na dada akalia kuliko mimi, akisema ameniua. Makopa yale tuliyala vilevile. Siku hizi watu wananunua unga wa mashine, hauna ladha kabisa, lakini hayo mengine.

Pua ikapona na upogo wake, nikazeeka nayo. Nilihamia Mbwawa, upande wa Kibaha, kwa sababu ndiko kwao marehemu mke wangu. Nikienda Maili Moja kutafuta mbegu nilikuwa napita kwa kijana mmoja pembeni ya barabara, anatengeneza simba wale wanaokaa juu ya nguzo za geti kwa watu waliojenga juzi. Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wetu sisi Wazaramo. Siku ya kwanza, shikamoo na marahaba zilipokwisha, nikamwambia simba wake wanafanana na mbuzi walionyeshewa.

"Mtani, hao ni simba," akasema. "Hiyo pua yako ndiyo ya kuuliza. Aliyeitengeneza alikuwa bado anajifunza?"

Urafiki ukaanzia hapo.

Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha alichopewa na mtu aliyemfundisha kuchonga. Vichwa vitupu vya mawe, vya Wazungu wa kale, Wagiriki na Warumi. Si Wagiriki hawa waliokuwa na mashamba ya mkonge, babu za babu zao. Mimi shule iliniacha darasa la tatu, maandishi yale sikuyaweza, lakini kutazama hakutaki shule. Karibu wote wamevunjika pua. Nikamwuliza, na hawa dada zao walikuwa wanatwanga? Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akanieleza kwamba sanamu ikianguka pua ndiyo inayotangulia, na kwamba yale macho meupe kama ya kipofu zamani yalipakwa rangi, rangi ikaisha, wakabaki hivyo. Vijana wa Kigiriki walikuwa wazuri wote, wamefanana kama mapacha, sikuwapenda. Warumi ndio watu. Mlikuwa na mzee mmoja ana makunyanzi mpaka shingoni na chunjua shavuni, amekaza mdomo kama anayesubiri mgeni aondoke. Yule ningeweza kuongea naye.

Mtani akasema wakubwa wa Kirumi mtu wao akifa walikuwa wanaitengeneza sura yake kwa nta, wanaitunza nyumbani, na siku ya msiba mwingine inatolewa, mababu wote wanahudhuria. Nikakumbuka mwanahiti wa kwetu, kile kisanamu cha mti alichokuwa akikaa nacho mwali ndani. Kichwa kina vishungi viwili, uso karibu hamna. Sisi uso hatukuuchonga. Na mama yangu hakupiga picha hata moja, mpiga picha akija alikuwa anakwenda kujificha jikoni.

Ndipo nikamweleza habari ya dada. Dada amepofuka. Yupo palepale Kisarawe, kwenye nyumba ya mama, na siku hizi lalamiko lake ni moja tu, uso wa mama unamtoka. Sauti anayo, harufu ya khanga anayo, ila uso akiutafuta anakuta wa shangazi, au hakuti kitu. Alinishika mkono akaniambia, "Mdogo wangu, nitafika kwake nisimjue."

Fundi akasema ataufinyanga yeye. Nikamwambia humjui. Akauliza kama si kweli kwamba tumefanana. Ni kweli, msibani watu walikuwa wananitazama mimi ndipo wanaanza kulia. Basi kila nikienda Maili Moja ananikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, naye na udongo wake wa mfinyanzi, ananitoa ndevu, ananipunguza taya, anauliza mama alikuwa anachekaje. Utani ukaisha. Simba wa watu wakakaa bila nyuso. Alisema dada akishaukubali atautolea nakala ya saruji, na hapo utakaa kuliko sisi sote, kama wa Warumi.

Tukaupeleka ungali mbichi. Tulipanda bajaji, tukapitia Kiluvya, nimeupakata ndani ya gunia lililoloweshwa. Dereva akauliza nimebeba nini. Nikasema kichwa cha mama yangu. Hakuuliza tena mpaka tunashuka.

Dada alikuwa mkekani. Fundi akamwamkia, akamwekea kile kichwa mbele ya magoti, akafunua gunia. Vidole vya dada vikapanda kutoka kidevuni, vikafika puani, vikasimama.

"Hii ya kwako wewe," akaniambia. "Naijua, niliivunja mwenyewe."

Kumbe muda wote tulikuwa tumempinda marehemu pua! Mimi nimeizoea, na fundi alikuwa anafuata alichokiona. Akanyoosha mkono airekebishe, dada akamzuia, akaomba maji. Akasema yeye ndiye aliyemwosha mama uso siku aliyokufa, mkono wake haujasahau, ulikosa tu pa kuanzia. Akainyoosha pua. Akakandamiza mashavu, akashusha nyusi kidogo, akaenda pembeni ya mdomo akakaa hapo sana. Na mimi nikamwona mama. Nilimwona, nikaketi chini.

Dada akalaza shavu lake kwenye shavu la udongo. Akasema, "Shikamoo mama." Alikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

"Nimemjua," akasema. "Sasa namrudisha udongoni."

Akaushika ule uso kwa viganja viwili, akaukanda. Macho yakaingia, mdomo ukaingia. Nilijua kwetu sanamu yenye uso haikai ndani ya nyumba inayoswaliwa, lakini nilidhani tutaiweka uani. Nilinyoosha mkono, nikachelewa.

"Bibi," fundi akasema, "ulikuwa ukae miaka elfu."

"Elfu nitaifanyia nini, mwanangu? Nilimtaka leo." Kisha akamwuliza, "Mama yako yupo?"

Akajibu yupo, Tabora, hajamwona tangu aje pwani. Dada aliendelea kukanda.

Fundi akanawa mikono kwenye maji yaleyale, akavaa ndala. Nilidhani anakwenda kununua soda. Akapita kati ya mihogo, akashika njia ya kwenda barabarani, na hakurudi, wala kwetu wala kwa simba wake. Pale Maili Moja waliniambia alipanda basi la Tabora.