Kikombe cha Pili

Jumanne tulimzika dada yangu Mwanaidi, hapa Kigombe. Jana nilikwenda kununua ubani wa matanga. Muuza dawa akafungua kopo la sanamaki, majani ya kuendesha tumbo, ikanijia harufu ileile.

Utotoni Mwanaidi tumbo lilimsokota daima: siku tatu hapati choo, ya nne anaharisha. Bibi alimnywesha sanamaki, na asipokwenda choo alimwongezea. Mimi ndiye niliyetumwa kumchungulia. Niliamini anajitia ugonjwa ili apewe uji wa sukari, nikamchukia.

"Amekwenda?" Bibi aliniuliza alasiri moja.

"Hajakwenda, Bibi."

"Mwongo we! Nimekwenda mara tatu!" Mwanaidi alilia.

"Nyamaza!" Bibi alimfokea. "Mvivu kama mamako. Kunywa!"

Leo najua dawa ile ilimzidishia maumivu. Siku ile, nikijua kwamba amekwenda, nilimshikia kikombe cha pili. Alikinywa chote, akinitazama.