Mifuko ya Fungate

Fundi cherehani wa soko la Keumbu hakuwahi kuamini karatasi. Hesabu zake zote alizishona. Desemba ile ya mwaka wa sabini, wiki moja kabla ya harusi, mchumba wake Nyangate alimkuta ameigeuza nje ndani suruali ya fungate, pini tatu mdomoni, mguu ukikanyaga cherehani kana kwamba kisiwa cha Unguja kingeondoka kabla hawajafika. Mifuko minne, kila mmoja na uzi wa rangi yake: mwekundu wa pesa za chumba, kijani wa samaki, buluu wa mashua. Kila mshono aliulaza kwa ukucha wa gumba, mara mbili.

“Na wa manjano?”

“Madafu,” akajibu bila kutoa pini. “Siku saba, watu wawili, kumi na manne. Ukitaka la kumi na tano, tunapunguza samaki.”

Nyangate akacheka hadi akakalia vitambaa vya watu. Fundi akamrushia gauni lake jipya. Ndani, kiunoni, palikuwa na mfuko wa uzi mweupe, mnene kuliko yote.

“Na huu, fundi?”

Hapo akazitoa pini, moja moja. Hakuwahi kumtolea mtu pini.

“Nauli yako. Nikikuudhi hapa, unatembea tu hadi Marani kwa babako. Kule kisiwani kuna maji.”

Nyangate akazichomoa noti zote za nauli, akaivuta ile suruali, akazishindilia kwenye mfuko wa manjano.

“Madafu ishirini na nane,” akasema.