Mpunga Uliosimama Wima

Siku ya arusi yake Melkiori alikuwepo kanisani, suti imemkaa vizuri, lakini padri ilibidi amuulize mara mbili kama anakubali. Mara ya kwanza hakusikia. Alikuwa anapanga nyumba atakayojenga, mlango utazame wapi na choo kikae upande gani. Bibi arusi, Yosefina, alimkanyaga mguu ndipo akasema ndiyo. Angejua, asingemkanyaga.

Miaka ishirini na sita imepita na nyumba ile bado ni msingi, na msingi wenyewe umeota maboga. Pale kijijini Michenga watu humwita Mwakani, naye huitika, maana anadhani wanamsifu. Mwakani tutachimba bwawa la samaki. Mwakani tutanunua mashine ya kukoboa. Binti yao Happyness alipopiga hatua zake za kwanza, baba mtu alikuwa hapo hapo uani, kageuza mgongo, anapima kwa miguu mahali mashine hiyo itakapokaa. Mtoto alitembea mpaka akamshika suruali. Baba alimwambia asimvurugie hesabu ya hatua, akaanza upya.

Mwaka juzi mambo yalizidi. Alikwenda Ifakara mjini kwenye semina ya mtu mmoja mwenye suruali ya kubana na kipaza sauti cha kubandika shavuni, aliyewaambia wakulima waache kuishi kwa leo, waishi kwa maono. Kana kwamba kuna mkulima aliyewahi kupalilia kesho. Melkiori alirudi na kofia iliyoandikwa MAONO na mafundisho ya yule bwana tele kwenye simu, akawa anayasikiliza kutwa, waya masikioni, macho yameganda kwenye upeo wa bonde kama mtu anayesubiri treni mahali pasipo na reli.

Yosefina hakuwa na maono. Alikuwa na ekari mbili za mpunga. Punje zilipoanza kutia maziwa, alihamia shambani, akakaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti wanalopanda waamia ndege, na wiki tatu hakushuka ila kwa haja. Kazi ya kuamia ndege watu huidharau, wanasema ni kukaa tu. Na wajaribu. Ndege wale wadogo huja maelfu kwa maelfu, asubuhi jua linapochomoza na tena kuanzia saa kumi jioni, na wakitua ukiwa unawaza mengine, umekwisha. Yosefina alijua wanakuja kabla hajawaona, kwa jinsi kelele za kwenye matete zilivyokatika ghafla. Hapo alivuta kamba, makopo yakagongana shamba zima, na waliokaidi akawafuata kwa teo na donge la udongo. Katikati ya vita hivyo alikula kiazi chake cha kuchoma na kuutazama ukungu ukipanda milima ya Udzungwa. Aliipenda saa ile. Hakuwahi kumwambia mtu, maana nani angemwelewa, lakini juu ya dungu lile, akiangalia tu kilichopo mbele yake, alikuwa mtu mwenye raha.

Zikiwa zimebaki siku tisa wavune, Happyness alishikwa na uchungu, mimba yake ya kwanza, akapelekwa hospitali mjini. Mama hakuwa na budi kumfuata. Mpunga ule ndio ungemlisha mzazi na mtoto, na nyumba nzima mpaka msimu mwingine. Alimwita mumewe akamweleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni.

"Baba Happy, kazi ni moja. Angalia mpunga. Usifanye kingine chochote."

"Mama Happy, mimi ni mtu wa kuona mbali," alijibu Melkiori.

"Naomba uone karibu. Siku tisa tu."

Akapanda bodaboda akaenda. Kila jioni alipiga simu. Mpunga vipi? Mpunga safi, alijibiwa, tena nimepata wazo, mwakani tulime ekari sita. Uchungu ulikuwa wa uongo, ukapoa, ukarudi, na siku ya saba Happyness akajifungua mtoto wa kiume. Yosefina akapiga simu kwa furaha. Babu mpya hakuuliza mtoto ana uzito gani wala mama yake anaendeleaje. Alisema yule atakuwa injinia.

"Sawa," alisema Yosefina. "Mpunga?"

"Uzuri wake usipime. Nauona toka hapa dunguni. Umesimama wima wote, kama askari wa gwaride."

Yosefina aliketi kwenye benchi la nje ya wodi, simu bado sikioni. Mpunga uliokomaa huinama kwa uzito wa punje zake. Jambo hilo Michenga analijua hata mtoto anayenyonya. Unaosimama wima siku mbili kabla ya kuvunwa umebaki mapepe, maganda yasiyo na kitu. Mumewe alikuwa anamsifia makaburi.

Alirudi na binti na mjukuu, akaenda shambani moja kwa moja. Ekari mbili zilisimama, nyepesi, zikicheza na upepo. Kona moja tu ilikuwa imeinama, ile inayopakana na shamba la jirani yao Agnella, ambaye aliwafukuza ndege mpaka pale teo lake lilipofika.

"Nilimpigia kelele," alisema Agnella. "Ndege walipita juu ya kofia yake wakatanda shamba zima. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Akanipungia mkono."

Melkiori alikuwa ameketi kwenye ngazi ya dungu. Alikuwepo siku zote tisa, hilo hakuna anayelikataa. Alivua kofia, akaikunja, akasema neno alilozoea kulisema.

"Mke wangu, yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo."

"Na yaliyopo?" aliuliza Yosefina. "Yaliyopo anayaganga nani?"

Hakungoja jibu. Alishika kisu, akavuna ile kona, siku ya pili akapiga mpunga, akaanika, siku ya tatu akatwanga, na jioni yake akapika. Wali mpya, kwa perege wa mchuzi, unanukia mpaka njiani. Agnella aliitwa. Happyness alipakuliwa wa kwanza, sahani imejaa, kisha jirani, kisha Yosefina mwenyewe. Mbele ya Melkiori iliwekwa sahani ya bati yenye maua, imeoshwa vizuri, tupu, na kijiko pembeni.

"Ndiyo nini hii, Mama Happy?"

"Wali wa mwakani. Kula taratibu, usiungue."

Happyness alimwinamia mwanawe kuficha kicheko. Agnella hakuficha. Melkiori alitafuta pa kupeleka macho, na simu ilikuwa imeisha chaji, basi akaitazama sahani. Aliitazama kwa muda mrefu. Aliigeuza kidogo, akapitisha kidole ukingoni, mahali rangi ilipobanduka na bati kuonekana jeusi.

"Hapa pamebanduka lini?"

"Siku ya arusi yetu," alisema Yosefina. "Uliiangusha wewe."

Akaendelea kula wali wake ungali wa moto.