Kitambaa Juu ya Kompyuta

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika Bariadi, dada yangu alipanga chumba kando ya ghala la mmoja wao, akafungua duka la kuchapa kwa kompyuta. Mashine yenyewe aliitunza kama redio ya nyumbani: aliifumia kitambaa cheupe kilichoifunika juu hadi nyuma.

Msimu uliofuata, kioo kikaanza kuonyesha mistari ya kijani na zambarau, wakati mzee mmoja wa Lagangabilili akisubiri mialiko ya harusi ya binti yake.

“Mwangaluka, mayu,” alimsalimu dada kwa Kisukuma, akimwita mama. “Ng’ombe wa mahari wamefika zizini kwangu kwa miguu. Mialiko ya umeme ndiyo haifiki?”

“Ipo, baba. Ila imevaa kanga.”

Mzee alicheka, lakini hakuondoka. Harusi ilikuwa Jumamosi, na kupeleka mashine Mwanza kungechukua wiki nzima.

Niliazima monita ya jirani. Mistari ileile, basi monita yetu haikuwa na kosa. Nikagundua kwamba mashine ikiwa baridi picha ilitulia, mistari ikaja baadaye. Dada akafungua mwaliko mmoja mapema, akangoja mistari iufunike, kisha akaamuru uchapwe kwa kubonyeza vitufe bila kuona kitu. Karatasi ikatoka safi kabisa.

“Akili nzima,” dada alisema. “Macho ndiyo yanaumwa.”

Tukafungua boksi la kompyuta. Ndani kulikuwa na kadi ya picha, kibao kinachopeleka picha kwenye kioo, chenye feni ndogo mgongoni. Feni ilikuwa imesongwa na nyuzi za pamba kutoka ghalani, mfano wa kiota cha ndege. Na joto lililotafuta njia ya kutokea nyuma lilikutana na kitambaa cha dada.

Niliondoa pamba yote. Feni haikuzunguka, ilikwishaungua.

“Kwa hiyo huyu anasikia joto tu?” mzee aliuliza. Akavua kofia, akainama, akaanza kukipepea kile kibao. Tukakodolea macho kioo. Mistari ikapungua, ukabaki mmoja pembeni.

“Usiache, baba!” dada akapiga kelele, huku akichapa majina ya wageni.

“Mkono unauma, mayu. Andika majina mafupi!”

Mwaliko wa mwisho ulipotoka, dada hakukirudisha kile kitambaa juu ya boksi, bali aliifungia mialiko ndani yake isipate vumbi, akaifunga nyuma ya baiskeli ya mzee.