Siku Taratibu Aliporudi kwa Ndege Kubwa

Saa mbili na nusu asubuhi, mama wa miaka arobaini na tisa amesimama peke yake juu ya zege, mbele ya ndege ya tani mia mbili na ushee, na anaiita ije. Ameshika vijiti viwili vya rangi ya chungwa. Anavikunja kuelekea kichwani, anavishusha, anavikunja tena, pole pole, na ndege inatii.

Uwanjani hapa wanamwita Taratibu. Kazi yake ni kuiongoza ndege ikishatua, mpaka isimame mahali pake pa kuegesha. Rubani akiwa kule juu hazioni vizuri ncha za mabawa yake mwenyewe, kwa hiyo hutegemea macho ya huyu mama.

"Angani rubani ni bwana mkubwa," anasema. "Akishagusa ardhi ni mgeni wangu, na mgeni haachwi apapase njia mwenyewe."

Leo hana utani mwingi. Pembeni yuko mkaguzi na karatasi zake. Taratibu akifaulu mtihani huu, atarudishiwa kibali cha kuongoza ndege kubwa alichonyang'anywa miaka miwili iliyopita. Akishindwa, ndiyo basi, atahamishiwa ghala la mizigo mpaka astaafu.

Kosa lililomponza analieleza bila kuzungukazunguka. "Sisi wa kazi hii tuna kosa letu. Unaipima ndege ikiwa imenyooka, unasahau kwamba itakata kona."

Siku ile aliona kati ya ncha ya bawa na nguzo ya taa pana nafasi ya mita nzima na zaidi, akaiita ndege. Ndege ikaanza kugeuka. Mabawa ya ndege kubwa yamelala kuelekea nyuma, na ikikata kona, ncha ya bawa la nje hufagia mbali kuliko pale ulipoiona mwanzo. Aliyewahi kubeba ngazi ndefu begani anaijua habari hiyo. Unajiona umeshapita mlangoni, ukigeuka tu, ncha ya nyuma inagonga ukuta.

Bawa likagonga nguzo. Hakuna aliyeumia, lakini abiria 214 walilala uwanjani, na Taratibu akarudishwa kuweka kabari kwenye magurudumu ya ndege ndogo. Mshahara ulipungua kwa theluthi. Anasema si hilo lililomuuma zaidi.

"Wenzangu walikuwa wema mno. Mwaka mzima hakuna aliyenitania. Hapo ndipo nilipojua nimeharibu."

Nyumbani alichukua chaki za mumewe, ambaye ni fundi cherehani, akawa anachora kona za ndege uani kila Jumapili, bawa kwa bawa, mpaka mume akalalamika. "Mke wangu, chaki zote zimeisha," alimwambia. "Wateja niwakatie nini sasa, mabawa?"

Ndege imefika kwenye kona. Chini ya kila bawa anatembea msaidizi mmoja, na akiinua kijiti juu, maana yake upande wake ni salama. Upande wa kulia yuko Twiga, bwana mrefu mwenye miaka kumi na miwili kazini. Kijiti chake kiko juu. Lakini mbele kidogo limeegeshwa gari la ngazi za abiria, na gurudumu lake moja limekanyaga mstari mwekundu ambao magari hayaruhusiwi kuuvuka ndege ikipita.

Taratibu anainua mikono yote miwili na kukutanisha vijiti juu ya kichwa. Ndege inasimama.

Twiga anatikisa kijiti kusisitiza kwamba njia ni nyeupe. Rubani anawasha taa na kuzizima. Mkaguzi anatazama saa, anaandika. Taratibu hashushi mikono. Dereva wa gari la ngazi anatafutwa, anakutwa anakunywa chai, anakuja mbio. Dakika saba zinakatika. Mwandishi wa makala haya, ambaye hakuwa na mtihani wowote, alikuwa roho juu.

Gari linaondolewa. Ndege inakata kona, na Twiga anaweka koni chini pale ncha ya bawa inapopita. Gurudumu la mbele linasimama juu ya alama, injini zinazimwa.

Twiga anachukua futi, anapima kutoka kwenye koni hadi pale gari lilipokuwa. Sentimita hamsini.

"Ingepita, dada," anasema. "Ila aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka." Wawili watatu wanacheka.

Taratibu anavua vizuia sauti masikioni. "Ingepita, ndiyo. Sasa tunajua. Wakati ule umeinua kijiti, ulijua?"

Twiga anaikunja futi. "Nilidhani."

"Hata mimi ile nguzo nilidhani."

Mkaguzi anasogea, hacheki. "Umesimamisha ndege kwa kuchelewa," anamwambia. "Ningekuwa mimi, ningeisimamisha kabla haijaanza kona." Kisha anampa karatasi aweke sahihi. Kibali kimerudi.

Taratibu anaisoma mara mbili, anakaa juu ya kabari, analia waziwazi mbele ya kila mtu.

Amebakiwa na miaka sita kabla ya kustaafu, na anataka kuimaliza bila bawa kugusa kitu. Kesho saa moja asubuhi anapokea ndege nyingine kubwa. Msimamizi wa zamu amejitolea kumpa msaidizi mwingine wa bawa la kulia, lakini amekataa.

"Nataka Twiga," anasema. "Leo ameona aibu kwa sentimita hamsini. Mtu wa namna hiyo hadhani tena. Nawajua watu hao."