Vyura wa Yusta

Mawese yakipata moto yana harufu yake, nzito na tamu kidogo, inayoingia kwenye nguo na kukaa humo mpaka zifuliwe. Kila ninapoyabandika jikoni kwangu hapa Kasulu narudi Busunzu, kwenye jiko la mama yangu, na mdogo wangu Yusta yuko hai.

Yusta alikuwa na miaka mitatu, mimi tisa. Mboga alizikataa kwa moyo wote. Ukimfichia lengalenga ndani ya tonge la ugali, alimeza ugali na kuitema mboga pembeni, safi, kama aliyeichambua kwa vidole. Sisi tulicheka. Mama hakucheka, kwa sababu kwenye kadi ya kliniki nukta za Yusta zilikuwa zimetoka kwenye kijani na kushuka kwenye kijivu, na chini ya kijivu ilibaki nyekundu tu.

Basi mama akabuni. Alitwanga lengalenga mpaka likawa rojo, akaponda ndizi mbivu, akachanganya na unga wa muhogo, akawa anadondosha kwa kijiko kwenye mawese. Vilitoka vidonge vya kijani, vimevimba, vina mabaka mgongoni. Yusta alivitazama akasema ni vyura. Jina likabaki. Mama alisema hata wakiruka sawa, mradi warukie tumboni.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba aliacha vyura wanne kwenye sahani, akaniagiza nimlishe Yusta mmoja mmoja, nisimharakishe. Siku ya kwanza nilijitahidi. Yusta alilamba mafuta ya juu, akakunja uso, akanisogezea chura mdomoni.

"Kula wewe, dada."

Nikala. Nitasema ukweli: walikuwa watamu, na mimi nilikuwa na njaa. Siku zilizofuata sikumbembeleza tena. Nilimwonjesha mara moja, akakataa, nikawamaliza. Mama akirudi aliuliza kama mtoto amekula wote, nami nilijibu wote. Alimnyanyua Yusta na kumzungusha, akimwita mla vyura, na Yusta alicheka, maana alipenda kuzungushwa. Baada ya wiki moja hivi vyura wakawa sita. Nilidhani ni furaha ya mama.

Siku ya kliniki niliwasindikiza. Yusta alining'inizwa kwenye mzani, miguu yake myembamba ikicheza hewani. Muuguzi akaweka nukta kwenye nyekundu, akauliza mtoto anakula nini nyumbani. Mama akaanza kueleza lengalenga, ndizi, unga.

"Mama Yusta," muuguzi akamkatiza, "mboga za mdomoni hazimnenepeshi mtoto. Unamlisha, au unatusimulia?"

Wanawake kwenye benchi walicheka. Nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika pindo la khanga yake. Alinyamaza, akakunja kadi. Hakugeuka kunitazama.

Yusta alikufa kabla mahindi hayajakomaa. Homa ilimkuta hana nguvu za kushindana nayo.

Jambo hili nilikaa nalo mpaka mwaka jana, mama alipokuwa kitandani na mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha uji. Nilimweleza yote, kijiko kikiwa mkononi.

"Nilijua, mwana wanje," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita tukiwa wawili, mwanangu. "Midomo yako ilikuwa inang'aa mafuta. Ya mwenzako ilikuwa mikavu." Akapokea kijiko kimoja cha uji. "Ndiyo maana niliongeza wawili. Nilidhani ukishiba utamwachia."

Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikuuliza. Tulimzika karibu na Yusta.

Sasa ndipo ninapouelewa ule ukimya wa kliniki. Neno moja lingetosha kumwondolea aibu mbele ya wale wanawake, na aibu hiyo ingeniangukia mimi. Aliimeza. Lakini akarudi nyumbani, na kesho yake akaenda shamba kama kawaida, akaniachia sahani, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuachiwa. Sijui kama vyura wangemponya mdogo wangu. Hakuna wa kuniambia, na nimeacha kutafuta.

Nina binti wa miaka minne, naye mboga hataki. Ninamkaangia vyura, nakaa mbele yake mpaka ameze wa mwisho. Hulalamika kwamba hawana chumvi. Huenda ni kweli. Mimi siwaonji.