Mkate Usio na Ngano

Mume wangu alikuwa mwoka mikate. Bekari aliyofanyia kazi ilikuwa katikati ya mji wa Mbeya, na tanuri lake la matofali halikupoa mwaka mzima. Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na sisi tulikuwa hatujamaliza hata mwaka tangu tuoane. Mimi nilitoka milimani, upande wa Kilolo kule Iringa. Mbeya sikuwa na mtu isipokuwa yeye na mama yake, tuliyekaa naye nyumba moja.

Binti yetu alizaliwa wakati wa mvua. Alikuwa mnene, mwenye sauti, na baba yake alimpenda mpaka wanaume wenzake wakamcheka. Jioni za baridi, ile baridi ya Mbeya inayoingia hadi kwenye mifupa, alirudi kazini na mkate wa moto ameuficha kifuani ndani ya koti. Mtoto alipoanza kutambaa akajua. Akisikia hatua za baba yake uani, anakwenda mlangoni, anashika koti, anapenyeza mkono ndani. Baba yake anajifanya hana kitu. Kisha mkate unatoka, na sisi sote tunacheka.

Nilipomwachisha ziwa ndipo maradhi yalipoanza. Aliharisha, akapona, akaharisha tena. Tumbo likavimba, miguu ikabaki kama vijiti, nywele zikafifia rangi. Aliyekuwa akitembea akarudi kukaa. Alikuwa analia siku nzima kilio chembamba, kisicho na nguvu, kama mtu anayeomba radhi.

Kliniki walisema ni utapiamlo. Nesi alinitazama kwa namna iliyonichoma, kana kwamba nilikuwa nakula mwenyewe na kumnyima mtoto. Akaniambia nimpe maziwa, mayai na vyakula laini. Sasa nyumbani kwetu kulikuwa na kitu gani laini kuliko mkate? Niliuloweka kwenye maziwa, nikamlisha kwa kijiko. Baba yake akawa analeta miwili. Alikuwa akiniuliza kila jioni kabla hata ya kuvua viatu, "Amekula?" Nikimwambia amekula, uso wake ulilegea kidogo.

Mama mkwe alisema nyumba yetu imechezewa na wachawi. Nilipochoka kusikia maneno, nilimbeba mtoto nikapanda basi kwenda kwa mama yangu, Kilolo.

Mama alimpokea akamweka mgongoni, akaenda naye shambani bila kuniuliza maswali mengi. Tulikula ugali, maharage, viazi, majani ya maboga. Mtoto alikula alichokula kila mtu. Kabla viazi vya msimu ule havijaisha kuvunwa, tumbo lilikuwa limeshuka, na asubuhi moja nilimkuta amesimama peke yake, ameshika ukuta wa jiko, anacheka na kuku. Nilikaa chini nikalia. Nilidhani amepona.

Tuliporudi Mbeya baba yake alikuwa anatusubiri kwenye kituo cha basi na mkate mkononi. Wiki hazikupita nyingi mtoto akaanza kuharisha tena, safari hii na damu.

"Si nilisema?" mama mkwe akaniambia. "Kwenu amepona, hapa anaugua. Ni nyumba hii."

Hakukosea sana. Nyumba ndiyo iliyokuwa na tofauti, ila hakuna kati yetu aliyejua tofauti yenyewe.

Mama yangu alinitumia ujumbe kwamba Iringa kuna daktari wa watoto kwenye hospitali ya misheni. Nilikwenda. Alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima, aliyekaa nchini miaka mingi. Aliponiona alisema, "Kamwene," salamu ya kwetu, na mimi, niliyekuwa nimekaza roho njia nzima, nikahisi machozi yananilenga.

Alimpapasa mtoto tumbo taratibu. "Alianza lini?"

"Tangu nimwachishe ziwa, mama."

"Kuna wakati amewahi kupata nafuu?"

"Alipata nafuu tulipokuwa kwa mama yangu, Kilolo."

"Alikuwa anakula nini kule?"

"Chakula cha kijijini tu, mama. Ugali, maharage, viazi. Mkate kule hakuna."

Mkono wake ulisimama. "Na Mbeya anakula mkate?"

"Kila siku," nikasema, na nakumbuka nililisema kwa fahari kidogo, ili asinione kama nesi wa kliniki alivyoniona. "Baba yake ndiye anayeoka."

Alivua miwani, akaiweka mezani. Akanieleza polepole kwamba wako watoto wachache sana ambao matumbo yao hayaipokei ngano. Ikiingia inawachubua ndani, na kila wanachokula baada ya hapo kinapita bila kuwajenga. Alisema hapo hospitalini hakuwa na vipimo vya kuhakikisha hilo, lakini aliwahi kuona watoto wa namna hiyo kwao. Mtoto asile ngano tena, hata kipande, hata uji uliochanganywa nayo. Shayiri pia asile.

"Usimlaumu baba yake," akaongeza. "Wala wewe usijilaumu."

Katika basi la kurudi sikuwaza ugonjwa. Niliwaza nitaanzaje kumwambia.

Nilimwambia akiwa bado amesimama. Aliniuliza daktari amesema nini, nikajibu, "Amesema ni ngano."

"Ngano imefanya nini?"

"Ndiyo inayomchubua tumbo. Asile tena, maisha yake yote."

Alikaa kwenye kiti. Alitazama mikono yake, ambayo siku zote ilikuwa na weupe kwenye mikunjo ya vidole. "Yaani mkate wangu."

"Si mkate wako. Ngano yoyote."

"Mke wangu," akasema kwa sauti ya chini, "nani mwingine aliyemletea ngano?"

Mama yake, aliyekuwa anasikiliza, alisema Wazungu wenyewe wanaishi kwa mkate, utamuuaje mtoto.

Kuanzia siku iliyofuata mume wangu alioga kwenye bomba la uani kabla ya kuingia ndani, na baridi ile. Nguo za kazi alizikung'uta na kuziacha nje. Lakini mtoto hakujua habari za daktari. Alikwenda mlangoni kama kawaida, akashika shati la baba yake, akapenyeza mkono, akakuta kifua kitupu. Alitafuta upande mmoja, akatafuta wa pili. Kisha akalia. Ilikuwa hivyo jioni baada ya jioni. Mama mkwe alishindwa kuvumilia, akampa kipande cha chapati tulipokuwa kanisani. Mtoto aliugua vibaya. Bibi alikaa naye kitandani, hakula, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi mkali kuliko sisi sote. Ungemsikia anapiga kelele kwa majirani, "Huyu asipewe andazi! Asipewe chochote cha ngano!"

Jumapili moja mume wangu alisema, "Mtoto wa mwoka mikate hawezi kukosa mkate." Akaenda sokoni.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kutafuta unga. Siku hizi nasikia unga wa namna hiyo unauzwa umeshachanganywa. Sisi tulikuwa na soko la Mbeya, kinu changu, na ujuzi wake wa tanuri, ambao ulikuwa wote wa ngano. Kwanza alijaribu mahindi. Mkate ukapasuka juu kama udongo wa kiangazi, na chini ukawa ugali. Ulezi ulitoa mkate mweusi, mzito, na mtoto aliutema. Muhogo peke yake uliganda ndani kama gundi, huku ganda la nje limekuwa jiwe. Mchele ndio uliompa matumaini. Tuliununua kwa mwanamke aliyetoka nao Usangu, wa zile familia za wafugaji zilizohamia bondeni kutoka kaskazini. Mashine ya kusaga tuliiogopa, kwa kuwa ilisaga na ngano za watu. Niliuloweka, nikauanika kivulini, nikautwanga, nikauchunga kwa kitambaa cha leso. Mkate ulitoka mweupe, mzuri wa kutazama. Alipoukata ukamwagika mkononi mwake kama mchanga.

"Ngano ina kamba ndani yake," aliniambia, akivuta vidole hewani kama anayenyoosha donge la unga uliokandwa. "Ukiikanda inajifunga yenyewe. Huu hauna kitu cha kuushika."

Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini katika Jumapili zile tulizungumza kuliko wakati wowote wa ndoa yetu. Tulichanganya mchele na muhogo. Tuliongeza ute wa mayai. Tulijaribu ndizi mbivu, tukajaribu hata maji ya mlenda, na mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Kilichosaidia kilikuwa kitu kidogo. Alichukua sehemu ya unga wa muhogo, akaupika uwe uji mzito, akauacha upoe, kisha akaukandia unga mkavu wa mchele na wa muhogo pamoja na mayai na hamira. Safari hiyo hakukanda kwa nguvu zake za bekari. Alikoroga kwa mwiko, akamimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, akaweka makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Uliumuka. Si sana, lakini uliumuka. Tuliungoja upoe, na kisu kilipopita, kipande kilisimama.

Aliufunga kwenye kitambaa, akatoka nje nao, akavaa koti safi la Jumapili. Kisha akabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Mtoto alikwenda mlangoni polepole, kama mtu aliyekwishazoea kukosa. Akapenyeza mkono.

"Mkate," akasema. "Wa baba."

Alinenepa. Nywele zilirudi kuwa nyeusi. Alijifunza kukimbia akiwa amechelewa, kwa hiyo alikimbia kila mahali, hata pasipo na sababu. Wiki zilizokosa mchele, tulikaa bila mkate, na alielewa. Akipewa kitu kwa jirani alikirudisha na kusema, "Tumbo langu halitaki ngano," maneno ya bibi yake.

Surua iliingia mtaani mwaka uliotangulia ule ambao angeanza shule. Iliwapata watoto wengi, na yeye ikamshuka kwenye mapafu. Wodini tulikuwa akina mama wengi, tumekaa chini kati ya vitanda. Alifariki asubuhi, jua likiwa limeshapanda, mimi nimemshika mkono na baba yake amesimama miguuni.

Mume wangu alimgeukia nesi. "Ni ngano?" akauliza.

"Hapana, baba. Ni surua. Imechukua wengi."

"Lakini tumbo lake lilikuwa limeliwa tangu zamani. Lingekuwa zima, angeshinda?"

Nesi alikuwa binti mdogo. Alinitazama mimi, kisha akasema hajui. Alisema kweli, na sijawahi kumlaumu.

Kwenye msiba mwenye bekari alituma vikapu vya mikate kwa ajili ya waombolezaji. Ulikuwa wema, na watu walikuwa wengi, wametoka mbali. Vikapu viliwekwa uani na hakuna mwanamke aliyethubutu kuvigusa, kwa kuwa majirani wote walijua. Mume wangu aliinuka alipokuwa amekaa na wanaume. Alichukua kisu, akaikata ile mikate mmoja mmoja, akazunguka nayo mwenyewe, akimpa kila mtu kipande na kusema, "Karibu, kula. Umetoka mbali." Mwanamume mmoja, mtu mzima, alishindwa kukipokea, akafunika uso. Mume wangu akamwekea kipande juu ya goti, akaenda kwa mwingine.

Bekari hakurudi. Mama mkwe alitangulia mbele ya haki baadaye kidogo, na sisi tukahamia Kilolo, tukalima viazi na mahindi karibu na mama yangu. Watu walimwomba awaokee mikate ya harusi, akakataa kwa upole mpaka wakaacha kuomba.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni tukapata mtoto mwingine, wa kike pia. Baba yake hakuruhusu ngano ivuke mlango. Nilimpeleka kwa daktari yuleyule wa Iringa, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, akasema mtoto hana dalili na tumjaribu kidogo tuone. Tulimjaribu kwenye sikukuu moja ya kanisani, kwa kipande cha mkate alichopewa kama watoto wenzake. Alikila haraka, akaenda kucheza kwenye nyasi. Mimi na baba yake tulikaa kwenye ngazi za kanisa, tukimwangalia. Watu wakatawanyika. Ukungu ukaanza kushuka milimani. Mtoto alianguka, akainuka, akaendelea kumfukuza mwenzake.

"Anacheza," baba yake akasema.

"Anacheza," nikajibu.

Akaweka kichwa chake magotini akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu wodini, na mimi sikumnyamazisha.